Kuuza vitabu vya watoto kwa pati za nyumbani huku Uingereza: inalipa, au ni upatu?

Swali la msomaji, nimelifupisha: "Shikamoo dada. Niko Coventry, mume wangu ana viza ya kazi ya kea (kuhudumia wazee na wagonjwa) na mimi ni dependanti wake, yaani niko huku kwa viza yake, tulikuja wote 2023. Nina watoto wawili, mdogo ana mwaka na nusu, nasari ni ghali so shifti siziwezi. Kuna mama mmoja shuleni kwa mkubwa wangu anataka nijiunge chini yake niuze vitabu vya watoto, unafanya pati nyumbani kwa watu, unapata kamisheni na vitabu vya bure. Anasema ada ya kuanzia ni ndogo na yeye anapata mamia kila mwezi. Naogopa isije ikawa DECI nyingine. Nijiunge au niache?"

Marahaba mdogo wangu. Tuanze na hiyo DECI maana naona ndo inayokukosesha raha. Hapana, sio DECI. Ile ya 2009 kule Tanzania watu walikuwa "wanapanda" hela wanasubiri "kuvuna", katikati hakuna kitu kinachouzwa, aliyeingia leo analipa mavuno ya aliyeingia jana, mpaka wakakosekana wa kuingia. Hapa kuna kitabu, kina bei nyuma, kuna mama anatoa hela yake anaondoka nacho kwenda kumsomea mwanae. Na mtindo wenyewe wa kuuzia sebuleni una umri, miaka ya 1950 kule Marekani kuna mama anaitwa Brownie Wise ndo aliyeupa umaarufu na vyombo vya Tupperware, mpaka kampuni ikaamua kuviondoa madukani mwaka 1951 viuzwe kwenye pati tu. Kwa vitabu vya watoto huku Uingereza jina linalojulikana sana ni Usborne, kampuni ya London aliyoianzisha Peter Usborne mwaka 1973, na kuuza kupitia kina mama wa majumbani walishaanza tangu 1981. Hujanambia huyo mama ni wa kampuni gani, so haya ninayosema yachukue kwa kampuni yoyote ya aina hii.

Ila kutokuwa utapeli ni jambo moja na kulipa ni jambo lingine, na wengi wanachanganya hapo. Wanaulizia kama ni halali, wakiambiwa ndio wanajiunga siku hiyohiyo.

Sheria kwanza, nipite haraka. Biashara za namna hii huku zinabanwa na kanuni za mwaka 1997 zinazoitwa Trading Schemes Regulations, na zina vitu viwili vya kukusaidia wewe unayeingia: siku saba za mwanzo hawaruhusiwi kuchukua kwako zaidi ya pauni 200, na una siku 14 za kubadili mawazo urudishiwe hela yako. Mtu akikuharakisha, akakwambia ofa inaisha saa sita usiku, akakushauri ununue boksi zima la stoku ili "uanze kwa nguvu", huyo muage kwa heshima. Kampuni nzuri ya vitabu haikulazimishi kuweka stoku, oda zinaenda kwao na wao wanatuma, wewe unabaki na sampuli.

Viza. Hili watu wengi wetu hawaliulizi na linaweza kuwaletea balaa kubwa kuliko hasara ya pauni hamsini. Kwenye kazi hii hauajiriwi, unakuwa umejiajiri. Mtu mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, hata kwa saa moja ya Jumamosi. Mumeo mwenye viza ya kea naye yuko kwa ajili ya mwajiri wake, asije akaandikisha hii biashara kwa jina lake eti kwa sababu wewe huna akaunti ya benki au kwa sababu yeye ndo mwenye kadi. Wewe dependanti unaruhusiwa kufanya kazi na kujiajiri. Kwa hiyo kila kitu kiwe kwa jina lako: mkataba, akaunti inayoingiza kamisheni, namba ya kodi. Ingia kwenye eVisa yako, yaani viza yako ya mtandaoni, usome masharti yako mwenyewe kwa macho yako, usitegemee ya jirani, viza zinafanana majina tu.

Haya, hela sasa. Huyo mama amekwambia "mamia kila mwezi", mimi ningemuuliza swali moja tu, mamia ya mauzo au mamia ya kamisheni? Maana hapo ndo pana mchezo, mtu anakwambia nimefanya pauni 400 mwezi huu na hadanganyi, ameuza vitabu vya pauni 400, ila kilichoingia mfukoni kwake ni kitu kingine.

Tufanye hesabu ya pati moja ya kawaida, namba ni za mfano tu, kamisheni ya kampuni yako utaisoma kwenye karatasi yao ya malipo. Umemwomba rafiki yako afungue mlango, kina mama wanane wamekuja na watoto, sita wamenunua, kila mmoja wastani wa pauni 18. Mauzo pauni 108. Tuseme kamisheni ni asilimia 20, umepata pauni 21 na senti 60. Kutoka hapo toa basi au petroli, toa vitafunio kama umebeba wewe (na wewe Mswahili najua huendi mikono mitupu, utakaanga sambusa), toa karatasi za oda na zawadi ndogo ya mchezo wa watoto. Ukibaki na pauni 15 umeshukuru. Alafu hesabu masaa: kupanga na kualika, kwenda, pati yenyewe, kurudi, kukumbushia waliosema "ntalipa kesho", kufuatilia oda iliyochelewa. Hayo ni masaa matano bila ubishi. Pauni tatu kwa saa. Kima cha chini cha mshahara huku mwaka 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Sikwambii usifanye, nakwambia ujue unachofanya, kwa sababu mtu mwenye mtoto wa mwaka na nusu asiyeweza shifti hana hizo pauni 12 za kulinganisha nazo, na kwake pauni 15 pamoja na vitabu viwili vya bure vya mtoto inaweza kuwa na maana. Tatizo ni yule anayedhani ataacha kazi.

Na bei nayo itakusumbua. Zamani huku vitabu vipya viliuzwa bei moja kila duka, kulikuwa na makubaliano ya wachapishaji yaliyodumu karibu karne nzima, yakavunjika miaka ya 1990 na mwaka 1997 mahakama ikayamaliza kabisa. Tangu hapo supamaketi na Amazon wanakata bei wanavyotaka. So mama atashika kitabu chako, atakisifia, atatoa simu, ataskani, na utamwona usoni. Usigombane na bei, huiwezi. Maktaba nazo zinaazimisha bure, na watoto wachanga wanapewa vitabu vya bure kupitia Bookstart, mpango ulioanzia Birmingham mwaka 1992, hapohapo jirani yako. Mtu atanunua kwako kwa sababu mtoto wake amekishika na hataki kukiachia, na kwa sababu umemwambia ukweli kwamba hiki ni kikubwa mno kwa umri wake chukua kile. Huo ushauri Amazon hana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hao wanaokuandikisha hawalijui maana sio wa jamii yetu. Watakwambia anza na marafiki na familia, tengeneza orodha ya watu wote unaowajua. Kwa Mwingereza hiyo ni sawa, mtu anakuja pati ananunua kitabu kimoja anaondoka mmemalizana. Kwetu sisi hakuna kumalizana. Wale wanawake thelathini wa Kitanzania na Kikenya unaowajua kuanzia Coventry mpaka Birmingham na Leicester ndo haohao wa kitchen party, wa arobaini ya mtoto, wa mchezo wa kila mwezi, na Mungu apishe mbali ndo haohao watakaochanga kusafirisha mwili msiba ukitokea. Ukiwaita sebuleni, wanajua wameitwa kuchangia. Watanunua, hata kama hawataki watanunua, kila mmoja atachukua cha bei rahisi kuliko vyote. Mara ya kwanza. Ya pili watakuja nusu. Ya tatu utasikia nina shifti, na kwenye simu wataanza kukujibu kwa emoji. Umeutumia undugu kwa kamisheni ya pauni moja na nusu kwa kichwa, na undugu huku ugenini ndo bima yako, usiuze rejareja.

Mimi ningefanya hivi kwa watu wetu: pati moja tu ya ufunguzi, waambie wazi nimeanza biashara njooni mnibariki, basi. Baada ya hapo kwenye grupu la WhatsApp posti mara moja kwa mwezi isizidi, picha moja ya kitabu kilichofunguliwa (sio jalada, watu wanataka kuona ndani), umri wa mtoto, bei pamoja na posta, na linki ya kulipia. Linki ni muhimu kuliko unavyodhani kwa sababu inakuokoa na "niandikie mwisho wa mwezi". Mtu akiomba mkopo mwambie mfumo hauruhusu, malipo yanaenda kampuni moja kwa moja, na utakuwa husemi uongo. Kuna dada zangu wengi wamelipia oda za watu kwa kadi zao wenyewe wakiona aibu kukataa, mwisho wa siku wakawa wanakopesha vitabu vya watoto kwa watu wenye magari mazuri kuliko yao.

Wateja wa kweli wa biashara hii ni watu usiowajua. Na wako mahali pamoja, wanapatikana kwa kalenda. Nasari, shule za msingi, kina mama wanaolea watoto wa wenzao majumbani, vikundi vya asubuhi vya watoto wadogo kwenye kumbi za makanisa na maktaba. Wewe mwenyewe una mtoto wa mwaka na nusu, unaingia kwenye hivyo vikundi kama mzazi. Usiende siku ya kwanza na begi la vitabu. Nenda wiki kadhaa, kaa chini, cheza, wakufahamu, ndipo uombe anayeongoza kikundi uweke meza wiki moja kabla ya likizo.

Meza yenyewe, sikiliza vizuri. Vitabu vya kurasa ngumu vya kupapasa, vile vyenye manyoya na vitambaa, viweke chini kwenye mkeka sio juu ya meza, mnunuzi wako ana urefu wa sentimita themanini. Chagua vitano tu, sio ishirini, mtoto akiona ishirini anatupa vyote. Vya sauti zima betri mpaka mtu aulize, la sivyo ndani ya dakika kumi simba ameshanguruma mara mia na mama mwenye kipanda uso ameondoka. Vile vya kufungua vidirisha weka sampuli iliyokwishachezewa, hata kama kidirisha kimoja kimeng'oka kimebandikwa na selotepu, mama akiuliza "hivi si vitachanika?" mwoneshe, ataona kimeng'oka kimoja kati ya sitini na mtoto bado anakipenda, hiyo inauza kuliko maneno yako yote. Beba kitambaa cha kufutia mate. Na kitabu mpe mtoto, usimpe mama. Juu ya meza ndo uweke vya wakubwa zao, vya sayansi, vya mpira, vya vibandiko, kwa sababu kila mama wa mtoto mdogo ana mtoto wa miaka saba nyumbani anayesema hapendi kusoma, na huyo wa miaka saba ndo kitabu cha pauni kumi.

Shule zina mambo yake. Usiende mapokezi na katalogi ukaiacha pale, itaishia kwenye boksi la karatasi chakavu. Tafuta jina la mwalimu anayesimamia usomaji au mtu wa PTA (chama cha wazazi na walimu), mwandikie mistari minne. Na ujue hela yao inakaa wapi kwa wakati gani: shule zilizo chini ya halmashauri mwaka wao wa fedha unaanza Aprili, zile za academy, zisizo chini ya halmashauri, unaanza Septemba. Shule yenye salio dogo la kumalizia hutaka kulitumia kabla ya mwaka kuisha, so barua yako kwa shule ya halmashauri ifike Februari, na kwa academy ifike Juni. Alafu kuna Siku ya Vitabu, huku inafanyika Machi, watoto wanavaa nguo za wahusika wa hadithi na wanapewa vocha ya pauni moja, wiki hiyo wazazi wote akili zao ziko kwenye vitabu, lakini ukiomba nafasi wiki hiyohiyo umechelewa, omba kabla ya Krismasi. Njia nyingine ni ile ya watoto kusoma kwa ahadi, mtoto anasoma, babu na shangazi wanamwahidi hela, hela inanunulia darasa vitabu na kampuni nyingi zinaongeza vya bure juu yake. Kwa oda moja kama hiyo unaweza kupita pati kumi za sebuleni. Lakini soma vizuri mgawanyo, mara nyingi shule ikipewa vitabu vingi vya bure kamisheni yako inashuka, uamue mapema.

Msimu wenyewe ni Septemba katikati mpaka wiki ya kwanza ya Desemba. Hapo ndo kuna minada ya shule, masoko ya Krismasi, mabibi wanaonunulia wajukuu. Ukilipia meza kwenye soko la shule uliza bei ya meza kwanza, meza ya pauni 20 kwa kamisheni ya asilimia 20 ina maana pauni 100 za mwanzo unafanyia kazi PTA. Januari na Februari hakuna kitu, usijilaumu, hata wenye maduka wanalala. Na ukiingia darasani au kwenye kikundi usipige picha watoto wa watu ukaposti. Huku ni kosa kubwa, na mlango ukifungwa haufunguki.

Kodi. Mwaka wa kodi unaanza 6 Aprili unaisha 5 Aprili. Mapato ya biashara yakiwa hayazidi pauni 1,000 kwa mwaka, kabla hujatoa gharama, hiyo ni ruhusa yako ya bure, huhitaji kujiandikisha. Ukizidisha, unajiandikisha Self Assessment (kujaza mwenyewe ritani ya kodi) kwa HMRC, mamlaka ya kodi ya huku, kabla ya tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka wa kodi kuisha. Kujaza ritani haimaanishi utalipa, maana kama huna kipato kingine una pauni 12,570 ambazo hazikatwi kodi ya mapato. Kama unalipwa kamisheni tu, kinachohesabika ni kamisheni, ila ukianza kununua vitabu mwenyewe na kuviuza, hesabu ni mauzo yote, na elfu moja unaivuka kabla hujajua. Daftari la mia linatosha: tarehe, wapi, mauzo, kamisheni, nauli, sampuli. Andika siku hiyohiyo.

Sasa hilo la kuwa "chini yake". Yeye anapata kitu kidogo juu ya mauzo yako, sio dhambi, na akiwa mtu mzuri atakufundisha. Lakini ndo maana anakutaka kwa hamu hivyo, elewa tu. Wewe usiandikishe mtu yeyote mpaka umepita Krismasi moja ukiwa na daftari lako mkononi, ili ukimwambia mtu "utapata kiasi hiki" umwoneshe. Kipimo changu ni hiki, kama hakuna mtu hata mmoja atakayejiunga chini yako milele, bado utataka kuifanya? Kama jibu ni hapana, usianze. Na usijenge maisha juu ya kampuni ya mtu. Wachapishaji Dorling Kindersley nao walikuwa na kitengo cha kuuza vitabu majumbani, kampuni ilipouzwa kwa Pearson mwaka 2000 kitengo kikafungwa, na kina mama waliokijenga hawakuulizwa. Tupperware yenyewe iliomba ulinzi wa kufilisika Septemba 2024.

Kwa hali yako, kama dependanti, na mtoto mdogo, na hamna haki ya benefiti za huku: jiunge kama ada ya kuanzia ni hela ambayo hata ukiipoteza mwezi huo mtakula, na kama vitabu vya kianzio ni vile ambavyo ungewanunulia watoto wako hata hivyo. Hapo hasara yako mbaya kabisa ni kabati lenye vitabu. Jiunge Agosti ili Septemba ikukute na sampuli, usijiunge Januari. Mtoto akifika umri wa masaa ya nasari ya serikali piga hesabu upya, angalia kwanza kama viza yenu inawaruhusu kuyapata.

Na kuna kitu kimoja utaulizwa kila pati ya Waswahili wenzako, "vya Kiswahili huna?" Kampuni hizi hazina, au wanavyo viwili vitatu. Vya wachapishaji Mkuki na Nyota wa Dar vinapatikana huku kupitia wasambazaji African Books Collective wa Oxford, na tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi za Kiswahili za kupakua bure kihalali, mzazi anaprinti mwenyewe. Kabla hujaweka vya Kiswahili kwenye meza moja na vya kampuni soma mkataba wako, wengi wanakataza kuchanganya bidhaa kwenye pati yao. Wakikataza, fanya meza yake siku nyingine, na hiyo ifanye kwa jina lako mwenyewe bila mtu juu yako.